Fildi ya siku tisa

Juzi kuna binti mmoja wa mwaka wa tatu kashika mwiko mbele yangu utadhani anaenda kukoroga uji. Mwiko nazungumzia ule wa fundi ujenzi, wa ncha, ambao kwetu sisi watu wa akiolojia ndo kalamu yenyewe. Kaushika juu juu, afu akaanza kuuchoma udongo, choma, choma, choma, badala ya kukwangua. Nikamuuliza taratibu, mwanangu, fildi, yaani yale mafunzo ya kuchimba, mlienda wapi? Akanijibu bila aibu, na hakuwa na sababu ya kuona aibu: "Tulienda siku tisa mwalimu, mbili za safari, moja mvua ilinyesha kutwa, na tulikuwa wengi, kwa hiyo zamu yangu ya kuchimba ilikuwa asubuhi moja."

Asubuhi moja.

Na huyu ni mtoto mwenye GPA ambayo mimi enzi zangu ningeitia fremu nikaitundika sebuleni. Nadharia zote anazo kichwani, muulize wale wananadharia wa akiolojia, Binford alisema nini na Hodder akambishia nini, anakuchambulia mpaka unaomba maji. Ila ukimpa mraba wa mita moja kwa moja, kamba, timazi na mwiko, anasimama anakuangalia usoni. Nimekaa na hilo jambo wiki nzima linanikereketa, ndo maana naandika. Chuo chake sikitaji, nilichosoma mimi pia sikitaji, na ninapofundisha masomo mawili kwa mkataba wa muda napo panyamaziwe, kwa sababu hii habari inahusu mageuzi ya elimu ya juu yalivyoikata fildi, haihusu chuo kimoja wala mkuu wa idara fulani. Wale walimu nawajua, wengine ni marafiki zangu, wanakesha kutafuta basi la bei nafuu la kupeleka watoto fildi.

Mimi ni mtoto wa Kondoa, upande wa Kolo, kule kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwaka huohuo mimi ndo naingia chuo. Utotoni ile michoro tulikuwa tunaipita tu tukichunga, hatuishangai, na kuna mapango mengine wazee hawakutaka tusogelee kwa sababu ni sehemu za matambiko. Baba aliposikia nimechaguliwa akiolojia akauliza ndo nini hiyo, nikamwambia ni kusoma mambo ya kale kwa kuchimba. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi shahada tayari unayo, shimo la choo hapa nyumbani si ulichimba wewe?

Sasa kabla sijaanza kuyasema mageuzi ya elimu ya juu, haki ya Mungu lazima niseme bila hayo mageuzi nisingefika. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilipitishwa 2004, bodi ikaanza kazi 2005, mimi nikaomba mkopo mwaka uliofuata nikapata. Huko nyuma, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilikuwa inamlipia mwanafunzi kila kitu, na wazee wetu wanapenda sana kuikumbuka hiyo enzi, chakula cha bure, nauli, mpaka hela ya mfukoni. Ni kweli. Ila nafasi zilikuwa ngapi? Wazee waliosoma akiolojia miaka ile wanakwambia darasa zima linaenea kwenye Land Rover moja na chakula nyuma. Mtoto wa Kolo ambaye shule yake haikuwa na maabara wala maktaba angeingia kwenye hiyo Land Rover kwa mlango upi? Kwa hiyo mtu akiniambia turudi kama zamani huwa namwacha aongee, namimina chai.

Akiolojia kama kozi ya chuo kikuu Tanzania ilianza Dar es Salaam mwaka 1985, ikiwa kitengo ndani ya idara ya historia, na mmoja wa walioisimamisha ni Mmarekani Peter Schmidt, yule aliyefanya utafiti wa ufuaji chuma Buhaya, huko Kagera. Wengi wanamjua Schmidt kwa makala za kitaalamu, mimi nampendea kitu kimoja. Miaka ya 1970 alienda kwa wazee wa Kihaya ambao ujanani waliyeyusha chuma kwa njia ya asili au waliwaona baba zao wakiyeyusha, na hao wazee wakajenga tanuri upya, wakavukuta, chuma kikatoka. Yaani profesa kakaa chini na wazee wakamfundisha. Kozi yetu imezaliwa kwenye mikono ya mtu aliyefundishwa hivyo. Baadaye wakaja Waswidi na mradi wa asili ya miji ya Afrika Mashariki, hela ya uchimbaji ikawepo, vijana wetu wakapelekwa kusoma nje. Felix Chami akapata udaktari wake Uppsala, Uswidi, mwaka 1994 kwa kazi ya pwani yetu, na hoja yake kubwa kwamba ustaarabu wa pwani una mizizi ya wenyeji wakulima na wafua chuma ilitoka kwenye vigae, vipande vya vyungu, vile vyenye michoro ya pembetatu, alivyovichimbua yeye na wenzake kwenye udongo. Bertram Mapunda na Audax Mabulla walienda Florida, wakarudi, wakafundisha. Watu wote hao walikuwa wachimbaji kwanza, uprofesa ukafuata.

Mimi niliwakuta wanafunzi wa wanafunzi wao. Na fildi yangu ilikuwa wiki sita.

Tulipelekwa kusini, pwani, sio mbali sana na Kilwa, kijiji sikitaji maana wale watu wana haki ya kupumzika. Wiki ya kwanza hatukuwa na faida yoyote duniani. Malengelenge mikononi, jua, mtu analia usiku kwenye hema anasema mimi nilijaza sosholojia wakanipa huku. Wiki ya pili ni ugomvi, nani kahamisha kamba, nani kasahau kuandika namba ya mfuko, nani kamwaga karai la udongo kwenye chekeche la mraba mwingine (hilo nilikuwa mimi, na hawajanisamehe mpaka leo). Wiki ya tatu ndo kitu fulani kikatokea. Sijui nikielezeje. Unaamka asubuhi unaangalia ukuta wa shimo, palepale ulipokuwa unaona udongo mtupu wa kahawia, unaona mistari. Unaona hapa palikuwa na moto. Hapa mtu alichimba shimo la nguzo, nguzo ikaoza, udongo mwingine ukaingia, mweusi zaidi, laini zaidi. Hakuna aliyekueleza, macho yamefunguka yenyewe.

Kwa hiyo mtu akinambia fildi imepunguzwa tu, bado ipo, mimi namwambia hapana, hamjapunguza, mmewaondoa watoto kabla macho hayajafunguka. Siku tisa ni malengelenge na ugomvi wa kamba. Mwanafunzi anarudi nyumbani na kumbukumbu ya jua kali, basi.

Halafu kulikuwa na mzee mmoja pale, sisi wote tulimwita Mjomba, alishaanza kuchimba na wataalamu akiwa kijana, enzi za kina Neville Chittick waliochimba Kilwa kuanzia mwaka 1958. Darasa la nne sijui kama alimaliza. Mwalimu wetu, daktari mzima mwenye shahada za nje, akifika sehemu ngumu alikuwa anaita, "Mjomba njoo utuangalizie hapa." Mjomba anapiga magoti, anakwangua mara mbili, anasikiliza. Aliniambia, "Wewe mtoto wa chuo unatazama kwa macho tu. Weka goti chini. Sakafu utaijua kwa goti kabla hujaiona." Na mwiko kweli una sauti, kwenye kifusi unasema khaa, kwenye sakafu ya chokaa unasema ti. Hiyo "ti" siwezi kuiweka kwenye slaidi. Nimejaribu.

Mnamkumbuka Kamoya Kimeu? Mkenya, alianza kama kibarua kwa kina Leakey, ile familia ya watafiti wa binadamu wa kale, huko Olduvai, mwaka 1964 akaliona lile taya la kale la Peninj kule Ziwa Natron, na mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule mtoto wa kale wa Turkana. Shahada ya heshima alipewa uzeeni, mwaka mmoja kabla hajafariki 2022. Jicho lile hakulipata kwenye lekcha hata moja.

Haya, sasa tuje kwenye mageuzi yenyewe, na hapa ntaongea hesabu kidogo, mnisamehe.

Siku hizi kozi zote zinapimwa kwa krediti. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wana mfumo wao, krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi kusoma, mwaka mzima krediti 120. Wazo zuri tu, mtu akihama chuo anahama na krediti zake, na mwajiri anajua anachokiona kwenye cheti. Sasa chukua fildi yangu mimi: wiki 6, siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku. Inakuja saa 288. Gawa kwa 10, karibu krediti 29. Yaani fildi peke yake ingekula karibu robo ya mwaka mzima wa masomo. Kamati gani ya mitaala itakubali somo moja la kushika chepe limeze krediti 29, wakati kuna stadi za mawasiliano, kuna ujasiriamali, kuna kompyuta, kuna masomo ya lazima ya chuo kizima? Hawatakubali, na ukiwa umekaa kwenye kile kiti na wewe hungekubali. Inapewa krediti za somo moja la kawaida, na ikishapewa hizo, siku nazo zinajikata zenyewe kufuata krediti. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema leo naua fildi ya akiolojia. Ni hesabu ya kugawanya tu imefanya.

Hilo la kwanza. La pili ni hela, na hili ndo watu wa nje hawalielewi kabisa.

Zamani hela ya fildi ilikuwa inakaa idarani. Fungu moja, gari moja, mpishi mmoja, mahema, magunia ya mchele na maharage, mnaondoka. Mageuzi ya kuchangia gharama yalipokuja, hela ya mafunzo kwa vitendo ikahamia kwa mwanafunzi, ikawa moja ya vipengele vya mkopo, sambamba na chakula na malazi, na vitabu. Kwa kozi nyingi hiyo ni sawa kabisa. Mwanafunzi wa uhasibu anachukua hela yake anaenda kukaa kwenye ofisi ya halmashauri kwao, analala kwa shangazi, anapiga muhuri lokbuku yake anarudi. Lakini akiolojia huwezi kuchimba peke yako kwa shangazi! Mnahitaji watu 20 sehemu moja siku moja. Sasa ile hela moja imekuwa vihela sabini mifukoni mwa watu sabini, na kati yao kuna wenye mkopo kamili, kuna wenye nusu, kuna wasio na kitu kabisa. Na bumu likiingia, jamani, tusidanganyane, mtu ana deni la kantini tangu Februari, mama yake kapiga simu mdogo wake karudishwa ada, unamwambia toa mchango wa gari la fildi? Mimi mwenyewe hela yangu ya vitabu mwaka wa pili ilienda kuezeka nyumba Kolo na sijutii.

Kwa hiyo kiongozi wa darasa anazunguka na daftari kama anakusanya rambirambi, anapata nusu, idara inajazia kidogo, siku zinapunguzwa tena. Au ndo inakuja ile njia nyingine, ambayo kwenye karatasi inaonekana nzuri: mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo kwenye taasisi karibu na kwao. Makumbusho, ofisi ya utamaduni, kampuni ya utalii. Nimewahi kukagua lokbuku ya kijana wa akiolojia aliyekaa wiki nane mapokezi ya hoteli. Ameandika vizuri mno, "nimejifunza huduma kwa mteja." Nilimpa maksi zake, ningemfanyaje.

La tatu ni ajira. Hili neno limeingia vyuoni kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akabaki mwaka. Kila mtaala ukipitiwa upya unaulizwa, muhitimu wako ataajiriwa wapi, mwajiri kasemaje. Ule mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, msisitizo wake mkubwa uko kwenye fani zinazoonekana kuzaa uchumi moja kwa moja, na ndani yake vyuo vinapitia mitaala na kukaa meza moja na waajiri. Kuna kampasi mpya ya kilimo Lindi kupitia huo mradi, na mimi sina shida na kilimo, nakula kila siku. Ila Lindi ndo mkoa wenye Kilwa, mji ambao sultani wake alikuwa anatoa sarafu zake mwenyewe, na kila nikilifikiria hilo nacheka kidogo peke yangu.

Akiolojia imejitetea vipi kwenye hilo swali la ajira? Kwa kujiongezea majina. Urithi, utalii, usimamizi wa malikale. Na imesaidia, lazima niseme ukweli, wanafunzi wameongezeka, mabinti wameongezeka sana, na masomo ya urithi yameleta maswali ambayo sisi hatukuulizwa: pango ni la nani, mwanakijiji anapata nini, mabaki yakipelekwa nje yanarudi lini. Maswali mazuri kuliko mengi niliyofundishwa mimi. Lakini idadi imepanda na vyombo ni vilevile. Machekeche manne ya mwaka niliosoma mimi ndo hayohayo, mawili wavu umetoboka.

Na hapa ndo panaponiuma zaidi, kwa sababu hata kwa kipimo chao wenyewe cha ajira hesabu haiji. Nani anaajiri mwanaakiolojia Tanzania leo? Makumbusho na Mambo ya Kale, nafasi chache. Vyuo, chache zaidi. Kilichokua ni kazi za tathmini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na urithi wa kale ni sehemu yake, kwa hiyo barabara, reli, mabwawa, nguzo za umeme, kote kuna mtu anatakiwa apite kabla ya tingatinga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mimi mwenyewe nimeishi kwa hizi kazi miaka kadhaa, za miradi tofauti. Na kazi yenyewe ni nini? Ni kutembea. Mnatembea kwa mstari, mita kadhaa mtu na mtu, macho chini, saa sita saba kwa siku, na unatakiwa ujue kile kijiwe ni kijiwe tu au ni zana iliyochongwa, lile donge jeusi ni jiwe la kawaida au ni mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. (Chuoni tulifundishwa kuliita slagi. Siku ya kwanza kijijini bibi mmoja akaniangalia nalipiga picha akasema, baba, hayo si mavi ya chuma tu, nyuma ya jiko langu yamejaa. Tukapata tanuri nne.) Ukipita bila kuona, jioni unaandika hakuna kitu, na baada ya miezi miwili tingatinga linapita na kweli hapana kitu tena, milele.

Kwa hiyo mwajiri ambaye mitaala inabadilishwa kwa ajili yake anataka jicho na goti, vitu viwili ambavyo mabadiliko yenyewe yameviondoa. Nimekaa kwenye usaili wa vijana wa kazi hizo, upande wa kuuliza. Unamwagia vitu mezani, vigae, mawe, kipande cha tofali, donge la mavi ya chuma, unasema tenganisha. Cheti kiko pale na daraja la kwanza. Anatenganisha kwa rangi.

Mtu atasema hili ni tatizo la umaskini wetu. Si kweli sana. Uingereza, Chuo Kikuu cha Sheffield, idara ya akiolojia iliyokuwa inatajwa kati ya zile bora duniani, mwaka 2021 uongozi uliamua kuifunga kama idara, pamoja na kelele zote zilizopigwa. Hesabu ya wanafunzi na mapato ikizidi kutawala, somo linalohitaji udongo, muda mrefu na watu wachache kwa kila mwalimu lazima lionekane mzigo, uwe na pauni au uwe na shilingi.

Tofauti yetu ni kwamba sisi ardhi tunayo. Kuna wanafunzi wa nje wanaolipa maelfu ya dola kuja kuchimba hapa kwetu kwenye shule za fildi, wiki nne, wiki sita, chakula juu. Wanatoka huko wanakuja mpaka kwenye udongo ambao mtoto wa hapa kakosa nauli ya kuufikia. Baadhi ya hizo timu huchukua vijana wetu bila malipo na nawashukuru, watatu wanne hivi, waliobaki wanaona picha. Mwaka 2020 korona ilipofunga safari timu za nje hazikuja, na hapo ndo nilipoona vizuri ni kiasi gani cha ufundishaji wetu wa vitendo kilikuwa kinaegemea ukuta wa jirani.

Basi nirudi kwa yule binti na mwiko wake.

Sina basi, sina fungu, nina nyumba ya kupanga pembeni ya mji na mama mwenye nyumba ambaye tunaheshimiana. Nyuma kuna jalala la zamani, shimo la taka lililoanza kujazwa miaka hiyo na likafukiwa na lingine likachimbwa pembeni, unajua tena nyumba zetu. Nikamwamkia nikamwomba, shikamoo mama, naomba nije na wanafunzi Jumamosi tuchimbe pale nyuma. Akaniangalia muda mrefu. Akauliza kuna mtu kaficha kitu? Nikasema hapana mama, ni masomo. Akasema haya, ila mjue nina matembele pale.

Wakaja 11, kwa daladala, kwa nauli zao. Tukapima mraba, misumari, kamba, pima maji ya kuazima kwa fundi. Nikamfundisha kila mmoja kushika mwiko, kidole gumba wapi, kukwangua kuja kwako wala sio kuchoma. Sentimita kumi za kwanza ni jivu na maganda ya mihogo. Afu taratibu jalala likaanza kuongea. Tabaka la juu halina mifuko ya rambo, ni ile mifuko ya kitambaa iliyochakaa. Chini yake kidogo, rambo tele, bluu, nyeusi, nyeupe. Nikawauliza, marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa lini? Wakataja palepale, Juni 2019, walikuwa sekondari wanakumbuka. Tukashuka, tukakuta viroba, vile vya pombe, na viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo walipoona rambo zipo bila viroba na chini yake rambo pamoja na viroba, kijana mmoja akapiga kelele kabisa, "Mwalimu kumbe ni 2017 hapa!" Kukawa na mabishano. Binti yule wa mwiko akasema hapana, marufuku si siku watu walipoacha, mtu anaweza kuwa aliweka viroba vyake ndani akavinywa mpaka 2018, kiroba kinatuambia hili tabaka haliwezi kuwa la kabla ya viroba kuanza kuuzwa, hakituambii limeisha lini. Sijamfundisha mimi hiyo, alikuwa nayo siku zote kwenye notsi zake, ila sasa ilikuwa imeshikana na kitu mkononi. Chini zaidi vocha za kukwangua, mamia, na nyingine tarehe ya mwisho wa matumizi bado inasomeka, tukazipanga kwenye turubai kama karata. Afu vocha zikaisha ghafla, zikabaki betri za redio na kopo la mafuta ya kupikia lililooza, na baada ya hapo udongo mwekundu usio na kitu.

Nilimwona yule binti kaweka goti chini pembeni ya mraba, anakwangua taratibu pale jivu linapokutana na udongo mwekundu, kanyamaza, kichwa kimeinama upande. Kama saa tisa hivi. Nikamwita mara mbili hakusikia.

Ikabidi aamshwe na mama mwenye nyumba, aliyetoka jikoni na upawa mkononi, akasimama juu ya shimo letu, akaangalia vocha zilizopangwa kwenye turubai, akaangalia matembele yake, akasema, "Haya nimeona. Sasa udongo wangu mnaurudisha leoleo, na hayo makopo msiniachie hapa nje." Tukaanza kufukia. Hiyo nayo iko kwenye mtaala, tabaka kwa tabaka, na kwenye zile siku tisa hakuna aliyewahi kuifikia.